Mtani Shimoni

Mtu akikwambia Wanyamwezi ni watu wapole, muulize kama amewahi kupakana nao shamba. Mimi Yustina nimepakana na Kapera tangu nikiwa na meno yangu yote, na sijawahi kunywa chai ya asubuhi bila kuisikia sauti yake ng'ambo ya ua wa minyaa. "Mluguru! Umeamka, au niagize jeneza?" Hiyo ndiyo salamu yake. Nami namjibu, "Nimeamka. Wewe nenda kabebe mizigo ya Waarabu, wanakusubiri Bagamoyo." Wageni wakitusikia hudhani mchana tutafikishana polisi. Hawajui kuwa sisi ni watani, kabila kwa kabila, tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza hata kumtukana mama yako mzazi nawe ukacheka, na ukinuna, aliyekosa adabu ni wewe.

Na mama yangu kweli alitukanwa, tena akiwa maiti. Siku ya kumzika, jeneza liko begani mwa watu, padre kashika kitabu, Kapera huyoo akarukia kaburini. Akalala chali, mikono kifuani, akasema, "Hili mmemchimbia mbuzi? Magdalena na makalio yale ataenea humu?" Ndiyo desturi. Mtani akiingia kaburini maiti haishuki mpaka atoke, naye hatoki mpaka apewe kitu. Mjomba wangu Fransisko, kaka wa marehemu, ikabidi atoe jogoo. Kapera akampapasa yule jogoo kifuani, akasema amekonda kama mwenyewe aliyemtoa, ndipo akapanda juu. Mimi niliyekuwa nimelia mpaka sauti imekauka nikajikuta nacheka, khanga inanidondoka. Nilimchukia siku ile, na nilimshukuru vilevile.

Shamba alilotuachia mama liko chini ya mlima, upande wa Kingolwira, udongo mwekundu unaoteremka taratibu kuelekea reli. Nasema alituachia, lakini kwetu ardhi hufuata upande wa mama na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba Fransisko mwenyewe anaishi juu mlimani, kwenye migomba na ukungu. Akishuka kwetu hufungua vifungo vya shati na kupuliza kifua kama mtu aliyeingia jikoni. Huko kwake mvua hainyimi mtu. Kwetu ilikuwa imeshazoea kupita juu kwa juu, tunaiona inawanyeshea wenzetu huko milimani, sisi tumekinga mabeseni matupu. Mahindi yakanishinda. Mtama ukaliwa na ndege. Ikafika mahali hata panya walihama.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu, na mji, ukishamaliza kuila Kihonda, ukatugeukia sisi. Akatokea bwana mmoja wa mjini, suruali nyeupe, anatafuta mahali pa kujenga ghala karibu na reli. Akapanda mlimani kwa mjomba. Mjomba akashuka kwangu.

"Mpwa wangu," akasema, amesimama katikati ya shamba anapiga kisigino chini, koh, koh, "hili shamba limekufa. Mkulima ni wewe, sikulaumu, lakini limekufa. Nakupa masika haya. Nikishuka tena nikakuta udongo ni huu huu, namwita yule bwana ajenge."

Mimi mdomo wangu unajulikana mpaka stesheni ya treni. Makuli wananiogopa. Lakini mjomba! Mjomba kwetu huinui sauti, huinui jicho, hata kope unaiomba ruhusa. Nikapiga goti, nikasema, "Ndiyo, mjomba." Alipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikamtukana mbuzi.

Nikaamua kupanda alizeti. Watu wote walikuwa wanaisema alizeti wakati ule. Mafuta ya kula yalikuwa yanakamuliwa na yeyote mwenye mashine, na kina mama wa parokia pale Kihonda walikuwa nayo ya mkono, unaning'inia kwenye mpini mpaka mafuta yatoke. Tena alizeti ina roho ngumu, mzizi wake unachimba chini kutafuta maji. Nikasema hii ndiyo itakayomfunga mdomo yule bwana wa suruali nyeupe.

Na ili nisikosee, nikaenda mjini kununua mbolea ya chumvichumvi. Zamani mbolea ilikuwa ya ushirika, na ikija, bwana shamba alikuwa anakuja nayo, anakuelekeza mpaka unamchoka. Siku hizo za ruksa duka la ushirika lilikuwa limefungwa, mbolea inauzwa na kila muuza sabuni, inapimwa kwa kopo, inatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikamuuliza muuzaji inatumikaje. Akasema, "Mama, unaweka kwenye shimo." Basi nikaenda nikaweka kwenye shimo. Mvua ya kwanza iliponyesha, nikatia konzi zima la chumvichumvi kila shimo, mbegu nikailaza juu yake, nikafukia. Nilitaka alizeti itoke imeshiba.

Mvua ile ikanyesha siku ile, ikaaga. Likaja jua la kukaangia karanga. Mbegu nyingi hazikuchomoza kabisa, na zile zilizochomoza zilikuwa na ncha nyeusi, zimekunjamana, mtu angedhani zimepitishiwa pasi ya mkaa. Nilifukua moja baada ya nyingine kwa kidole, kila moja imeungua.

Kapera alikuwa ameegemea minyaa, anatafuna muwa. "Mtani," akasema, "mboga yako imezidi chumvi."

"Toka hapo, Mnyamwezi!"

"Na maji ya kuchemshia hukuweka. Chumvi kavu, mbegu kavu. Unapika au unakausha samaki?"

Nilimrushia bonge la udongo. Likampata begani, lakini hata halikuvunjika, kwa ukavu. Usiku sikulala vizuri, nasema kweli. Nilimwona mama kila nikifumba macho, ameinama na jembe lake fupi. Masika yalikuwa bado hayajaisha na mbegu nilikuwa nimebakiza, lakini ardhi ndiyo ile ile. Mvua ikija inateremka kwenye reli, mimi nabaki nimelowa peke yangu.

Asubuhi Kapera akaniambia kitu cha maana, ila alikisema kwa namna ya kunikera. "Chimba matuta, yakingame mteremko. Maji yasimame. Lakini najua Waluguru na tuta, mtakimbia mpaka Dakawa."

Hapo alinigusa pabaya. Enzi za Mwingereza wazee wetu walilazimishwa kuchimba matuta mlimani, wakakataa, watu wakaandamana, risasi zikalia. Bibi yangu alikuwa haruhusu hata neno lenyewe litajwe anapokula. Mimi, mjukuu wake, nichimbe tuta? Nikamwambia Kapera, "Tuta sichimbi hata ukinifunga kamba. Lakini wewe umesema maji yasimame, siyo? Mimi nitayatafutia pa kulala."

Nikaanza kuchimba kwenda chini badala ya kupandisha juu. Mashimo marefu, yamekingama mteremko, moja baada ya jingine mpaka upande wa reli. Jembe linaruka, mikono inatoka malengelenge, nami nang'ang'ana. Shimo linafika magoti, upana wa mwili, urefu wa mtu aliyelala. Unaona mwenyewe yalifanana na nini. Kapera naye aliona.

"Tuta hilo," akasema.

"Si tuta. Ni shimo refu."

"Shimo refu lenye urefu wa mtu! Wewe mwanamke unamzika nani? Ukoo mzima?"

"Nakuzika wewe, vipande vipande."

Mashimo yakawa tayari, lakini shimo tupu ni shimo tu. Nilitaka kitu cha kutia ndani kitakachonywa maji na kuyashika, kisha kiilishe mbegu polepole badala ya kuiunguza. Chumvichumvi sikutaka hata kuiona. Majani makavu nilikuwa nayo. Samadi sikuwa nayo, na aliyekuwa nayo ni Kapera, mwenye zizi la ng'ombe na lundo refu kuliko nyumba yangu. Wakulima wa mchicha wa mjini walikuwa wanamfuata hapo kwake kuinunua. Mimi nimwombe Mnyamwezi mavi? Ningesemwa mpaka siku ya kiama.

Lakini mtani haombi. Mtani anachukua. Hiyo nayo ni desturi, ukikuta kuku wa mtani wako njiani unaweza kwenda naye, akija kudai unamcheka. Basi kila mchana Kapera akienda kucheza bao kijiweni, mimi nilikuwa naingia zizini kwake na toroli, mchana kweupe, kichwa juu. Geti hakuwa amelifunga hata siku moja. Nilijaza toroli pale pale mlangoni, nikarudi, nikamwaga shimoni, nikatandaza majani, nikafukia kwa udongo, nikarudi tena.

Jioni namsikia anapiga kelele ng'ambo ya ua. "Jamani! Mwizi amekuja tena! Dunia imeisha, sasa watu wanaiba mavi!"

"Polisi ipo," namjibu, "nenda kaandikishe."

"Nitaandikisha! Nitasema mwizi ana mguu mmoja mfupi, amezoea kutembea mlimani!"

Nilicheka peke yangu huku naosha miguu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Mvua ikanyesha tena, kidogo, ya kupangusa vumbi. Lakini safari hii nilisimama mlangoni nikaona maji yanateremka, yanafika kwenye shimo la kwanza, yanapotea. Shimo la pili, yanapotea. Kule relini hakikufika kitu. Nikapanda upya, mbegu juu ya udongo uliofunika samadi, na zilinitosha mashimo yote isipokuwa la mwisho, ambalo lilibaki limejazwa nusu tu na kufunikwa majani, halina mche. Kapera akaniuliza hilo nimemwekea nani. Nikasema, "Umri wako unaujua wewe mwenyewe."

Baada ya hapo mbingu ikafunga kabisa. Masika yale watu wanayakumbuka mpaka leo. Nyasi zikageuka vumbi, mto ukawa wa kuvuka na viatu. Alizeti yangu ikasimama. Ilikuwa fupi, inafika magotini, lakini imesimama, majani mapana. Asubuhi inakuchekea. Mchana, jua likiwa la utosi, inalegea majani yote, inaning'inia kama nguo za mtoto kambani, halafu jioni inajiinua yenyewe. Nilikuwa nimeshaizoea.

Na mjomba akashuka saa ngapi? Saa saba mchana.

Alikuja na yule bwana wa suruali nyeupe. Nilipiga goti, "Shikamoo, mjomba," akaitikia marahaba huku anaangalia shamba. Alizeti yote imelala kichwa. Akatembea katikati ya mistari, kule ambako sikuchimba, ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Akapiga kisigino. Koh, koh.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "nimekupa masika."

"Mjomba, ni jua tu, jioni ina..."

"Yustina."

Akisema jina lako namna hiyo, umemaliza. Yule bwana alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua zake ndefu, anaonesha kwa mkono geti litakaa hapa, malori yatageuzia kule. Mkono wake ulipofika "kule" ulikuwa unaelekea kwenye msonobari alioupanda mama. Nilikuwa na maneno ya kujaza behewa, na hakuna hata moja ambalo mpwa anaweza kumwambia mjomba wake. Nikasimama pale na mdomo wangu maarufu, machozi yananitiririka, nimejikausha.

Hapo nikasikia minyaa inavunjika. Kapera hakuzunguka kwenye njia, alipita katikati ya ua. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kwendea bao.

"Hodi msibani!" akasema kwa sauti.

"Msiba gani tena, mtani?" mjomba akauliza, naye kidogo akatabasamu, maana kwa mtani huna budi.

"Si unasema shamba limekufa? Mimi nasikia kutoka kwangu, limekufa, limekufa. Marehemu mtani wangu, nimemjua miaka mingi, mnamzika bila kuniita? Mnanidharau kwa sababu baba yangu alikuja huku kukata mkonge?" Akapita mbele ya mjomba moja kwa moja mpaka kwenye lile shimo la mwisho. Akavua kandambili, akazipanga pembeni. Akafunua majani, akaingia, akalala chali, mikono kifuani. Kisha akajivutia majani yale kidevuni kama blanketi.

"Haya," akasema kutoka chini, "zikeni tuone."

Yule bwana wa mjini akamwangalia mjomba. "Huyu mzee ni mgonjwa?"

Mluguru yeyote anajua, mtani akishaingia hakuna kinachoendelea. Hujengi, huziki, hupimi. Mjomba akachuchumaa ukingoni, na nikaona midomo yake inacheza, anajizuia kucheka. "Toka, Mnyamwezi. Nitakupa jogoo."

"Jogoo wako nilishamla, alikuwa mifupa. Leo nataka mashudu."

"Mashudu?"

"Mpwa wako akishakamua alizeti yake, mashudu yote ni ya ng'ombe wangu. Mwaka huu na mwaka ujao na mwingine. Bila hivyo mimi silali pengine, nitalala hapa hapa mpaka nibaki mifupa."

"Utapata wapi mashudu, Kapera? Shamba limekufa, nakwambia."

"Limekufa?"

"Limekufa."

Kapera akakaa. Akajikung'uta majani kichwani, akasimama, akampa mjomba mgongo. Shati lile jeupe lilikuwa limelowa. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni lilikuwa limeshika mgongo, jeusi kwa udongo, na tone moja lilikuwa linateremka kuelekea mkanda.

"Nishike," akasema.

Mjomba akanyoosha mkono, akamgusa mgongoni. Akaangalia kiganja chake. Akaingiza mkono shimoni mpaka kiwiko, akatoka na konzi la udongo mweusi, akalifinya, likabaki na alama za vidole vyake. Katika ukame ule! Akalinusa. Mzee yule akaliinamia, na alipoinua uso nilimwona analia waziwazi, mjomba wangu ambaye hata siku ya kaburi la dada yake hakutoa chozi mbele za watu.

"Maiti haitoi jasho, Fransisko," Kapera akasema, safari hii bila utani. "Usimzike Magdalena mara mbili."

Mjomba akasimama, magoti yakalia. "Bwana," akamwambia yule wa suruali nyeupe, "samahani kwa kukusumbua. Shamba hili lina mwenyewe." Akanigeukia. "Ni lako, Yustina. Nimesema mbele ya mtani." Kwetu hakuna shahidi mkubwa kuliko huyo, maana mtani hatakuacha usahau.

Yule bwana akaondoka anaruka mashimo yangu, suruali ameipandisha kwa vidole viwili. Mjomba akaenda kukaa chini ya msonobari. Mimi nikachukua ncha ya khanga, nikaanza kumfuta Kapera mgongo, kwa hasira, maana nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu.

"Shati limeharibika, mpumbavu wewe."

"Utafua. Wewe si ndiye mwenye shimo?"

Nikaendelea kufuta. Ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yangu muda wote. Udongo ule haukunuka. Samadi mbichi inanuka mpaka machozi, tena inaunguza mbegu sawasawa na ile chumvichumvi yangu. Hii niliyoiiba mimi ilikuwa imeoza vizuri, nyeusi, laini, ya mwaka mzima au zaidi. Na nilikuwa naichota mlangoni. Tangu lini samadi ya zamani ikakaa mlangoni? Samadi ya zamani hukaa chini kabisa, nyuma ya lundo, mpaka mtu aifukue kwa uma na kuihamisha.

"Kapera," nikasema, "hii samadi ilifikaje getini?"

Hakugeuka. "Mwizi wangu hana macho," akasema. "Anachukua chochote kilicho karibu na mlango. Ningemwachia mbichi angeunguza mbegu tena, halafu mimi nitamtania nani, mlinzi wa ghala?"

Nikalia basi. Nililia mpaka kamasi, nimeshika shati lake, na yeye anatazama relini kana kwamba treni inakuja. Nilipopata sauti nikamwambia, "Siku utakayokufa, Mnyamwezi, nitalala kaburini kwako mpaka ndugu zako watoke Tabora na ng'ombe mzima."

"Basi waambie wachimbe refu," akasema, "na upana wa kutosha. Umerithi kwa mama yako."

Nikampiga na khanga. Akavaa kandambili zake, akarudi kwake kwa kupita lile tundu alilotoboa kwenye ua wangu. Jioni ile alizeti iliinua vichwa, nami sikuliziba tundu.